Kosa la Makusudi

Asubuhi mvuke ulipopanda katika duka lile la dobi, mtu angeweza kusahau kabisa kwamba nje kuna barabara. Ulitoka kwenye pasi, ukatambaa juu ya kaunta, ukapanda hadi kwenye taa, na humo ndani mashati yaliyoning'inia yakawa yanayumba polepole, kana kwamba kuna mtu anayaita kwa mbali. Nyuma ya pazia, katikati ya mashuka meupe, alikaa msichana mmoja akishona uzi wa rangi kwenye kola za watu ambao hakutaka kukutana nao.

Walimwita Pamba. Halikuwa jina lake. Alipachikwa jina hilo na shangazi yake tangu akiwa mdogo, kwa sababu, alisema shangazi, huyu hata ukimwangusha husikii kishindo. Sasa alikuwa amefika umri wa sekondari, amempita mama yake urefu, na jina lilikuwa limemganda.

Mama yake, Mama Dobi kwa mtaa mzima, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi. Juu ya mlango wake palikuwa na bango: HAPA HATUKOSEI. Na kweli hakuwa akikosea. Madobi wengine hubandika karatasi, na karatasi hulowa. Yeye kila mteja alimpa rangi yake ya uzi, mshono mdogo ndani ya kola, na tangu afungue duka hakuna aliyewahi kuondoka na suruali ya jirani. Ungeweza kumsifia kwa hilo tangu asubuhi hadi jioni, asichoke kukusikiliza.

Alikuwa na sifa nyingine aliyojipa mwenyewe. Alimsoma mwanawe bila mtoto kufungua kinywa. Pamba akigusa sikio, mama alisema, "Hataki soda huyo, mpe maji." Pamba akivuta mkono wa gauni, mama alisema, "Tunaenda, mtoto amechoka." Mgeni akimuuliza msichana hali, mama alijibu kwamba hajambo. Akimuuliza yuko darasa la ngapi, mama alijibu hilo pia, na akaongeza alama za hisabati. Pamba alisimama nyuma ya bega la mama yake akitazama vidole vyake, na mambo yakaenda vizuri tu, kama mashine iliyotiwa mafuta.

Watu hawakosi la kusema. Walisema binti anaringa. Walisema hana adabu, anapishana na watu wazima bila salamu. Hata shangazi, dada wa baba yake, aliyekuwa akipiga pasi dukani, alinung'unika mara moja moja: "Wifi, huyu mtoto kiburi kimemjaa. Kanirithi mimi pua, kiburi sijui kakitoa wapi." Baba mtu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila akirudi alimkuta Pamba kimya vilevile, akambusu kichwani, akaondoka tena.

Kisha ikaja shule mpya. Siku ya kwanza mwalimu alitaka kila mwanafunzi aje mbele ajitambulishe. Pamba alikwenda. Alisimama mbele ya ubao, akafungua mdomo, na hakuna kitu kilichotoka. Mwalimu alidhani ni jeuri, akamwambia atasimama hapo hapo mpaka aseme, na Pamba akasimama hadi kengele ilipolia. Basi. Tangu hapo kila alfajiri tumbo lilimsokota, akatapika, akatetemeka, na mama yake akamfunika shuka akamwambia, "Lala, mwanangu, leo usiende." Ile leo ikageuka wiki, wiki zikageuka muhula. Mwalimu mkuu alipiga simu akasema kwa upole lakini bila kupindapinda kwamba muhula mpya ukifunguliwa na Pamba hayupo, nafasi yake itapewa mtoto mwingine.

Hilo ndilo lililompeleka Mama Dobi zahanati. Walikuwa na mshauri wa watoto na vijana pale, mwanamke mdogo mwenye sauti ya taratibu, na chumba chake kilikuwa na dirisha kubwa ambalo pazia lake lilipumua kwa upepo, likijaa na kusinyaa, mpaka Mama Dobi akaanza kusinzia kwa macho wazi na kuwaza wanga kiasi gani wa kukazia nguo ungelifaa pazia lile.

"Pamba," mshauri aliuliza, "unapenda kufanya nini ukiwa peke yako?"

"Anapenda kushona," alisema Mama Dobi.

"Na nini kinakupa shida zaidi shuleni?"

"Kusimama mbele za watu. Anaogopa sana."

"Unapenda rangi gani?"

"Kijani."

Mshauri alitabasamu, akamgeukia. "Na wewe, mama, unapenda rangi gani?"

Mama Dobi alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na nyuzi za rangi zote dukani na hakuwahi kujiuliza. Pamba alimwangalia mama yake kwa mshangao, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kona ya mdomo wake ikacheza.

Mshauri alieleza polepole. Hii si jeuri wala maringo, alisema. Ni hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, na inawapata watoto wengi, hasa wakianza ujana. Mwili unapiga king'ora cha moto mahali ambapo hakuna moto: moyo unakwenda mbio, tumbo linavurugika, ulimi unakuwa mzito. Mtoto hajifanyi. "Na kila unapomjibia, mama, king'ora kinanyamaza. Yeye anapumua, na wewe unapumua. Lakini amejifunza nini? Kwamba moto ulikuwepo kweli, na bila wewe angeungua."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu mwanangu?" Mama Dobi alifura. "Nimemzaa, nimemlea, nimemkinga na midomo ya watu, leo naambiwa hivi?"

"Sijasema umemharibu. Wewe hukuileta hofu hii. Ila umekuwa ukiilisha bila kujua, na nataka unisaidie kuiacha na njaa."

Njiani kurudi Mama Dobi hakusema neno, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na Pamba alimtazama pembeni kwa wasiwasi. Ukweli ni kwamba mama aliumia. Aliumia zaidi kwa sababu aliona yule mwanamke mdogo amesema kweli.

Wakaanza na vitu vidogo. Kumsalimia shangazi kila asubuhi kwa sauti, si kwa kuinamisha kichwa. Kumwambia mteja kutoka nyuma ya pazia, "Subiri kidogo." Kusimama kwenye kaunta pamoja na mama, bila kusema chochote. Kabla ya kila jambo Pamba alimwambia mshauri anachodhani kitatokea, na baadaye wakalinganisha na kilichotokea. Alidhani shangazi atamcheka. Shangazi aliitikia "Marahaba" akiwa na pini mdomoni, akakaribia kuimeza kwa furaha, na wiki nzima hakusema tena habari ya kiburi. Siku nyingine mambo yalirudi nyuma. Siku nyingine Pamba alijifungia chumbani na hakuna aliyemlazimisha kutoka.

Wiki zikapita katika mvuke ule. Mtoto alikuwa akiamka kidogo kidogo, hivyo ndivyo mama alivyoona, kama mtu anayetoka kwenye usingizi mzito na hajajua bado yuko chumba gani. Lakini shule ilikuwa bado mbali. Na siku za kufungua zilikuwa zinakaribia.

Ndipo mshauri akamuuliza Pamba swali ambalo Mama Dobi aliruhusiwa kulisikia, kwa sharti la kunyamaza: ni jambo gani baya kuliko yote linaloweza kukupata mbele za watu?

Pazia lilijaa, likasinyaa.

"Kukosea," alisema. "Naota. Niko kwenye ukumbi mkubwa, kila mtu amevaa nguo tulizofua sisi. Natakiwa kumpa kila mtu koti lake. Nampa mtu koti la mwingine, na Mpiga Tarumbeta anasimama anacheka. Anacheka, anacheka, na watu wote wanageuka. Halafu sitoki tena mle. Nazeeka mle mle."

Mama Dobi alipigwa na butwaa. Hakujua kuhusu ndoto hiyo. Alijua Mpiga Tarumbeta, nani asiyemjua? Mteja wa siku nyingi, mpuliza ala wa bendi, kifua kama pipa na kicheko kinachofika dukani kabla ya mwenyewe.

"Basi," mshauri alisema, "ungejaribu kukosea kwa makusudi?"

Nani alitetemeka zaidi pale, mtoto au mama? Mimi nasema mama. Mshauri alifafanua: Pamba atampa mteja nguo isiyo yake, kisha atasubiri aone kama kweli dunia itapasuka, halafu atasahihisha mwenyewe. Hakuna atakayeondoka na nguo ya mtu. Lakini Mama Dobi hakusikia hayo ya mwisho. Alisikia tu kwamba kwenye duka lake, chini ya bango lake, mtu atakosea akijua anakosea.

"Mama hana la kusema?" aliuliza mshauri.

"Ninalo," alisema Mama Dobi. "Lakini nimeambiwa ninyamaze."

Alipendekeza baadaye, akijifanya ni jambo dogo, kwamba basi wamchague yule muuguzi mstaafu, mama mpole asiyeudhika kwa lolote. Pamba alitikisa kichwa.

"Mpiga Tarumbeta," alisema. "Yeye ndiye ninayemwota."

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumamosi. Mpiga Tarumbeta aliingia akipiga mluzi, mvuke ukamfunika hadi kiunoni. Pamba alisimama kwenye kaunta, mikono imebana ubao. Mama na shangazi walikuwa nyuma ya pazia, wamesongamana kwenye upenyo mmoja. Pamba alishusha henga yenye nguo, akamkabidhi mwanamume yule gauni la mwalimu wa kwaya, la rangi ya krimu, lenye marinda.

Mpiga Tarumbeta alilitazama. "Hili..." alianza.

Na Mama Dobi akatoka. Hakuamua kutoka, miguu ilimtoa yenyewe. "Samahani sana baba, samahani, mtoto amechanganya, leo hajisikii vizuri, suti yako hii hapa, nimeinyoosha mwenyewe..." Kwa pumzi moja alikuwa amelichukua gauni, ametoa suti, amepokea shukrani na kumsindikiza mteja hadi mlangoni. Alipogeuka, kaunta ilikuwa tupu.

Alimkuta Pamba uani, kati ya kamba za nguo. Mashuka yalikuwa yakipepea pande zote na alimwona vipande vipande, bega, kisha mkono, kisha uso wenye machozi.

"Mama, umenikatiza," alisema Pamba. Alisema kwa sauti. "Nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa pale, mama. Nilitaka kuona kitakachotokea, na wewe umeninyima."

Mama Dobi alitaka kusema nilikuwa nakuonea huruma. Alitaka kusema ulikuwa umekauka kama ubao, nilikuona. Yote hayo yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Pamba alipanda chumbani kwake, juu ya duka, akajifunika shuka, na siku zilizofuata hakushuka dukani, hakusalimia mtu. Mama alipita mlangoni kwake, akasimama, akaenda zake. Alijiona ameubomoa kwa kinywa chake mwenyewe ukuta uliojengwa tofali kwa tofali, na muhula ulikuwa unafunguliwa wiki iliyofuata.

"Tatizo si moyo wako, wifi," shangazi alimwambia, akikandamiza pasi kwenye kola. "Tatizo ni mdomo. Moyo wako mzuri, mdomo wako hauna breki."

"Sasa nifanye nini? Nijishone?"

Shangazi alicheka. Yeye alikuwa dobi wa zamani. Kabla ya chupa za kupuliza kuingia, alinyunyizia mashati kwa mdomo: anapiga funda la maji, analibana mashavuni, anafyatua ukungu mwembamba juu ya kitambaa, kisha pasi. Alikuwa na uwezo wa kukaa na funda lile huku akisikiliza habari za mtaa mzima bila kuchangia, na hiyo, alisema mwenyewe, ndiyo sababu aliolewa mapema. "Piga funda la maji," alisema. "Ukitaka kusema, utalowa. Jikaze kisabuni."

Mama Dobi alifanya mazoezi. Usinione nacheka, lakini ilikuwa kichekesho. Alikaa mezani na maji mdomoni wakati shangazi akimuuliza Pamba, aliyeshuka kula siku ile, kama ataongeza chakula. Kimya kilitanda. Pamba alimtazama mama yake kwa mazoea, akiusubiri ule mdomo umsaidie, akakuta mashavu yamevimba na macho yamemtoka. Mama alidhani atazimia.

"Ndiyo, shangazi," Pamba alisema hatimaye. "Kidogo." Kisha akauliza, "Mama ana nini?"

"Anajitibu," alisema shangazi.

Pamba alielewa. Kesho yake alishuka dukani na kuchukua sindano yake, na Ijumaa alisema bila kumtazama mtu, "Kesho akija, nitatoka mimi."

Jumamosi ile mvuke ulikuwa mzito kuliko siku zote, au Mama Dobi aliuona hivyo kwa sababu hakuwa amelala vizuri. Taa zilielea ndani yake. Alisikia mluzi kwa mbali, akajaza mdomo maji, akasimama nyuma ya pazia akiwa ameshika kona ya shuka mikononi.

"Habari za hapa!" Sauti ilijaza duka. "Suti yangu tayari?"

Kisha henga ikagonga kaunta. Mama Dobi alichungulia. Pamba alikuwa amemkabidhi kitu, na kile kitu hakikuwa suti. Lilikuwa koti jeupe la mpishi wa hoteli, lenye vifungo safu mbili, dogo kiasi kwamba lisingemtosha Mpiga Tarumbeta hata mkono mmoja.

Mpiga Tarumbeta aliliinua. Akalipima kifuani. Akatazama bango juu ya mlango, akatazama koti.

Kisha akacheka.

Lilikuwa cheko lile lile. Lilianzia tumboni, likapanda, likafyatuka, na henga zikatetemeka kwenye vyuma vyake. Mwanamke aliyekuwa akipita nje akasimama mlangoni. Mtoto mmoja akaja kuchungulia, na mwingine nyuma yake. Ikawa kama ndoto yenyewe imeingia kwa miguu yake asubuhi kweupe. Macho ya Pamba yalikuwa mekundu, shingo imekaza. Mama Dobi aliona vidole vyake vikipapasa hewa nyuma ya kaunta, vikitafuta gauni la kuvuta, na gauni lile lilikuwa limevaliwa na mtu aliyejaa maji mdomoni nyuma ya pazia. Kila mshipa wa mama ulimvuta mbele. Machozi yalimtoka. Hakwenda.

Mvuke ulipita katikati ya kaunta, ukaenda zake. Kicheko kikaisha, maana hata cha mtu yule kina mwisho. Mpiga Tarumbeta alijifuta macho, akangoja. Watu wa mlangoni wakangoja.

"Nimekosea," alisema Pamba.

Sauti ilikuwa nyembamba, ikikwaruza. Akakohoa. "Hilo si lako. Naomba nikupe lako."

"Nilidhani mmeamua nihame kazi nikapike," alisema Mpiga Tarumbeta, na yule mwanamke wa mlangoni akacheka kidogo, akakumbuka safari yake, akaondoka. Watoto nao wakaondoka. Hapakuwa na kitu cha kutazama. Pamba alishusha suti, plastiki iliyoifunika ikapiga kelele, akaigeuza kola, akahakikisha, akaitoa.

"Asante, binti." Mteja aliiweka begani. "Miaka yote naja hapa sijawahi kuisikia sauti yako. Nilikuwa nasema labda hunipendi."

Pamba alifikiri. Mama Dobi alijua kabisa linalokuja: atainamisha kichwa, atagusa sikio, mteja atachoka, ataondoka.

"Nilikuwa nakuogopa," alisema Pamba.

"Mimi?" Alishangaa kweli, mtu mzima yule. "Na sasa?"

"Bado. Kidogo."

Akacheka tena, safari hii taratibu. "Haya. Na shule vipi, unasoma wapi?"

Nyuma ya pazia Mama Dobi alifumba macho. Hilo swali lilikuwa lake. Miezi yote alikuwa analijibu yeye, kwa kila mteja, kila mara kwa maneno yale yale: amepumzika kidogo, afya, tutaona. Maneno yalikuwa tayari nyuma ya maji, yamejipanga.

"Niliacha kwenda," alisema Pamba. "Jumatatu narudi. Nitakwenda mwenyewe, mama atabaki dukani."

Shangazi aliacha pasi juu ya shati, na shati likaanza kunuka. Mama Dobi alimeza maji yote kwa mkupuo. Miaka yote alijua atakachosema mwanawe kabla mtoto hajakisema. Hili hakulijua. Alilisikia pale pale, nyuma ya pazia, wakati mmoja na mteja.